Oili ya Juu na Oili ya Ziwani

Habari za kifo cha Kastori zilinikuta nimelala chali chini ya gari la mtu, hapa hapa Majengo, bolti ya gia boksi nimeishailegeza nusu. Niliiweka simu kifuani, nikaibonyeza kwa kidole chenye grisi, na sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo baba mdogo. Ni Skola. Baba ametutoka leo asubuhi." Nikaitikia marahaba kwa mazoea. Oili ikaanza kutoka yenyewe pale nilipolegeza, ikanidondokea shingoni, nami nikaiacha. Mimi ni mtu wa maneno mengi. Wateja wangu wanajua. Wengine huleta gari lenye ubovu mdogo ili wapate pa kukaa na kunisikiliza. Siku ile nilibaki chini ya gari mpaka mwenyewe akanishika mguu kuuliza kama nimepatwa na kitu. Nikamwambia ndiyo, nimepatwa.

Nakaribia miaka sitini sasa, na nataka kuandika mwaka mmoja tu. Nilizaliwa wapi na nilisoma mpaka darasa la ngapi, hayo hayamsaidii mtu. Mwaka wenyewe nilikuwa na ishirini na minne, nikifanya kazi kwenye gereji ya Mzee Ambakisye, mtu wa Mbeya aliyehamia Sumbawanga na spana zake kwenye sanduku la mbao. Gereji ilikuwa chumba kimoja cha matofali na uwanja wa udongo uliolowa oili hata nyasi zikaacha kuota. Ndani ya chumba kulikuwa na benchi, kitanda cha kamba nilicholalia mimi, na mapipa mawili yenye koki. Pipa la kwanza mzee aliliandika kwa rangi nyeupe JUU. La pili aliliandika ZIWANI. Kila aliyeingia mara ya kwanza aliuliza maana yake, na mzee alifurahi kuulizwa. Alivuta kigoda, akaagiza chai ya tangawizi, na hapo gari likasubiri.

Asiyeijua Ufipa anadhani nchi yetu yote ni joto. Huku juu, mwezi wa sita na wa saba, upepo unatembea kwenye nyanda zisizo na mti wa kuuzuia, na asubuhi nyingine nyasi zinaamka nyeupe. Kutoka hapo dereva anateremka mpaka Kasanga, ukingoni mwa ziwa, na kwa nusu siku amehama kutoka koti zito hadi singlendi. Anapakia migebuka na dagaa, anapanda tena kwenye baridi. Gari la namna hiyo lingehitaji oili mbili, na gia boksi ni moja. Oili nyepesi ya pipa la JUU, ile tunayoiita tisini, ukishuka nayo ziwani kwenye gia boksi iliyolika inakuwa kama maji, meno yanasagana na kulia. Oili nzito, mia arobaini, inatulia vizuri kwenye joto, lakini ikilala nje usiku mmoja wa Julai inaganda, na asubuhi dereva anasukuma gia kama anayekoroga ugali wa watu arobaini. Ndiyo maana madereva wetu walikuwa na desturi. Kabla Mei haijaisha walikuja kutoa nzito na kuweka nyepesi, na ile nzito kama bado njema waliihifadhi kwenye galoni yenye jina la mwenyewe mpaka joto lirudi. Galoni zilipangwa ukutani kwetu, Kapufi, Deogratias, Kastori, na kila mtu alijua yake. Siku hizi chupa zinakuja zimeandikwa namba mbili, moja ya baridi na nyingine ya joto, na vijana hawajui tulivyokuwa tukihangaika.

Oili tuliipima kwa sala. Mzee alichovya kijiti kwenye kopo lililolala nje, akakiinua, na kuhesabu muda ambao tone la kwanza lilichukua kuanguka. Yeye Mmoravian alihesabu kwa Baba Yetu. Sisi Wakatoliki tulihesabu kwa Salamu Maria, naye alitutania kwamba sala yetu ni fupi mno, inawafaa watu wanaotaka kudanganya oili. Tisini ilianguka kabla hujafika katikati ya Salamu Maria moja. Mia arobaini, asubuhi ya baridi, ungesali tatu na kijiti bado kimeshika tone. Niliijua hesabu hiyo kuliko nilivyojua mapigo ya moyo wangu, kwa hiyo nisije nikasema hapa kwamba sikujua.

Kulikuwa na neno moja lililokatazwa kwenye gereji ile, nalo ni "sina". Mzee alisema mteja akilisikia mara moja, mara ya pili anakwenda kwa jirani. "Kama kitu hakipo, mwambie kesho. Mwambie kinakuja. Mpe chai. Lakini sina, hapana." Alinifundisha mengi mazuri na hilo likiwemo, nami nililishika kuliko mengine yote kwa sababu lilikuwa rahisi. Nilikuwa kijana mwenye kiburi cha mikono. Nilipenda kuitwa fundi, nilipenda watu wazima kuniuliza "hii unaonaje?" na kusubiri jibu langu huku wameshika kofia.

Kastori alikuwa na Landrova ya zamani, ya bati, yenye turubai nyuma. Alinizidi miaka minne na alinichukua kama mdogo wake. Nyumbani kwake ni Mwimbi, na Jumamosi nyingi alinipitia, tukaenda nikale kwake. Mke wake alikuwa Skolastika, Skola tu kwa sote, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali na mkono mzuri wa kupika. Jiko lake lilikuwa chumba cha udongo chenye dirisha dogo lililotazama barabara. Ugali wake wa ulezi ulikuwa mweusi na mlaini, na mgebuka alimchemsha na nyanya tu na chumvi, akasema samaki mzuri hahitaji kuvishwa. Tulikula mezani karibu na moto, magoti yakigusana, maana chumba kilikuwa kidogo na baridi ilikuwa nyingi. Wao wawili walisemezana Kifipa, wakigeukia Kiswahili walipotaka nami nichekwe.

Gia boksi ya Landrova ile ilikuwa inalia. Si ubovu wa kutisha. Meno yalikuwa yamelika, na kwenye gia ya pili na ya tatu ilitoa sauti nyembamba ndefu iliyosikika mbali kwenye nchi ile tupu. Madereva wengine walimcheka Kastori, wakasema gari lake linaomboleza. Lakini siku moja nikiwa jikoni namsubiri, Skola aliinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua, akasema, "Huyo anapanda kilima cha pili." Mimi sikusikia kitu. Akaweka sufuria ya maji motoni. Maji yalipoanza kuchemka nikaanza kusikia na mimi, na alipomaliza kusonga ugali Kastori alikuwa anazima gari mlangoni. "Mwenzangu anadhani nina uganga," aliniambia. "Usimwambie." Nilicheka na sikumwambia.

Mwaka ule mwishoni mwa Mei, Mzee Ambakisye alipata msiba Mbeya. Akanikabidhi ufunguo, mara yangu ya kwanza, akasema atarudi na pipa jipya la tisini. "Iliyobaki ni kidogo. Watunzie wanaopanda na kushuka." Nikasema ndiyo mzee. Siku mbili baadaye akaja dereva wa lori la abiria, mtu mwenye tumbo na sauti, akaniita fundi mkuu mbele ya watu. Lori lake lilikuwa la njia ya Mbeya, halikushuka ziwani kamwe, na oili yake ilikuwa bado ina afya. Lakini alitaka ibadilishwe yote, gia boksi na difu zote mbili, na alitaka iliyo bora. Nikafungua koki ya JUU mpaka pipa likakoroma. Nilijisikia mkubwa jioni ile. Nilifagia uwanja nikiimba.

Asubuhi yake akaja Kastori. Namwona bado, amesimama mlangoni anapuliza viganja vyake, shingoni ana mtandio wa Skola. "Fundi, ni wakati. Nitolee mia arobaini, niwekee tisini kama kila mwaka. Safari hii sitaki kuchelewa, Skola ni mzito, anajifungua mwezi ujao na kidogo." Alikuwa ameniambia maneno yote niliyohitaji kuyasikia. Nami nililitazama pipa la JUU, nikajua halina kitu. Duka lililotazamana nasi, ng'ambo ya barabara, lilikuwa na tisini. Niliona galoni zake kwenye rafu kutoka pale niliposimama. Neno lilikuwa moja tu, herufi nne, na baada yake angevuka barabara. Badala yake nikainama chini ya gari, nikafungua bolti, nikachukua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, nikaisugua, nikamwonyesha vichembe vya shaba vinavyong'aa. "Unaona? Hii gia boksi imekwisha kulika. Ukiweka tisini mwaka huu itapita kama maji, itakufia njiani. Nikuwekee mia arobaini mpya. Na kelele zitakwisha." Vichembe vilikuwa vya kweli. Ndiyo ubaya wa uongo wa fundi, una ushahidi ndani yake.

Kastori alikuna kichwa. "Na baridi?"

"Utaipasha kwa jiko asubuhi, kama wazee. Dakika chache tu."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Nikamwekea. Nikajaza mpaka kidole changu kikagusa oili kwenye tundu la pembeni, nikafunga, nikafuta bolti kwa kitambaa, kazi safi kabisa. Mzee aliporudi na pipa jipya sikumwambia, na sikumwita Kastori arudi. Ningeweza. Zilipita wiki tano nzima, na kila Jumamosi nilipanda gari lile. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawasemi kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Gari lilinyamaza kweli. Kastori alifurahi siku mbili tatu, akapita Majengo polepole ili waliomcheka wasikie ukimya. Asubuhi zilianza kuwa ngumu, lakini aliamka mapema, akaweka makaa chini, akapata gia, akaenda. Aliyelalamika ni Skola. Jumamosi moja ya Julai, wakati wa kuvuna ulezi, nililala kwao. Jioni nikiwa nanawa miguu nje niliwasikia kupitia dirisha la jiko, na kwa kuwa walisema Kiswahili nilidhani wanajua kwamba nasikia. "Siku hizi unaniibukia kama mwizi," alisema Skola. "Ugali unaukuta haujasongwa, unakaa hapo unanitazama kama mkaguzi."

"Si ulikuwa unalalamika gari linakuaibisha?"

"Waliolalamika ni rafiki zako. Mimi nilikuwa naisikia ikija, najua u mzima. Sasa nakaa tu. Mwambie fundi wako anirudishie sauti yangu."

Kastori akacheka, akasema mtoto akishazaliwa watakuwa na kelele za kutosha. Nilifuta miguu polepole. Nilijiambia, Jumatatu. Jumatatu nitamwambia alete gari, nitatoa nzito, nitaweka nyepesi, nitatunga sababu nyingine.

Jogoo la kwanza lilipowika, siku yenyewe ya Jumapili, Skola alikuwa amekwisha kushikwa na uchungu, wiki mbili kabla ya wakati wake. Jirani aliyekuwa mkunga, Mama Leonsia, aliingia, akakaa naye kidogo, akatoka na uso mwingine. "Huyu apelekwe mjini sasa hivi. Mtoto amekaa vibaya." Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, nyasi nyeupe mpaka macho yanapofika. Kastori alikanyaga klachi, mimi nikazungusha hendeli, mara ya nane au ya tisa injini ikawaka. Akashika gia. Mkono wake ukasimama. Akatumia mikono miwili, akaninyooshea shingo dirishani, akasema kwa utulivu, "Haiendi."

Nikakimbilia jikoni kwa Skola, nikabeba jiko lake na makaa yaliyofunikwa majivu, nikalisukuma chini ya gia boksi, nikalala kifudifudi nikipuliza. Mama Leonsia akaleta makaa ya kwake. Majirani wengine wakaleta ya kwao kwenye majembe na vifuniko vya sufuria. Skola alikuwa amekalishwa mlangoni, amefunikwa mablanketi mawili, na nilipoinua kichwa kuchukua pumzi macho yetu yalikutana. Uso wake ulikuwa wa majivu. Akasema, "Fundi, unampikia nani huko chini?" Watu wakacheka, maana alitaka wacheke. Mimi niliinamisha kichwa tena na kupuliza, na bila kutaka nikaanza kuhesabu, Salamu Maria ya kwanza, ya pili, ya kumi, ya ishirini. Niliijua oili ile. Nilijua niliyoiweka, nilijua wingi wake, nilijua inahitaji moto wa muda gani. Mtu pekee katika ua ule aliyejua alikuwa mimi, na nilikuwa nimelala chini ambako hakuna aliyeniona uso.

Ilichukua karibu saa nzima kabla gia ya kwanza haijaingia. Ya pili haikukubali. Kastori alijaribu, ikarudi. Alijaribu tena, ikakwaruza na kurudi. Basi tukaondoka Mwimbi kwenye gia ya kwanza, injini inapiga kelele na gari linatembea kama mtu anayesindikiza mgeni. Watu waliokuwa wakienda kanisani walitupita kwa baiskeli, wakatupungia. Mimi nilikaa mbele, Mama Leonsia na Skola walikuwa nyuma kwenye godoro. Mtoto alizaliwa kwenye gia ya kwanza, kwenye mteremko mrefu ambao siku nyingine tungeupita kwa dakika chache. Tulimsikia akilia. Kastori alilia pia, akaachia usukani mkono mmoja na kunipiga begani, akasema, "Umesikia? Umesikia?" Nikasema nimesikia. Kisha Mama Leonsia akasema kutoka nyuma, "Endesha, mwanangu. Damu haikatiki. Endesha."

Karibu na mji oili ilipata moto wa kutosha, gia ya pili ikaingia, na ya tatu, na gari likashika mwendo. Na kwa mbali, chini ya miguu yetu, gia boksi ikaanza ile sauti yake nyembamba. Mama Leonsia alituambia baadaye kwamba Skola alifumbua macho, akasema, "Sasa naisikia." Hakusema tena. Alipokewa hospitali akiwa bado anapumua, na jua lilikuwa limeshapanda juu sana nesi alipokuja kwetu na kusimama bila kukaa. Alikuwa mama wa makamo, mwenye huruma. Alisema wamejitahidi, akasema pole nyingi, na wakati anaondoka akasema taratibu, kama anayeongea peke yake, "Wangewahi kidogo tu." Mtoto alikuwa mzima, amefungwa kwenye koti la baba yake.

Tulimzika Skola Mwimbi kesho yake, udongo mgumu kwa baridi. Siku kumi baadaye Kastori alileta gari gereji. Mzee Ambakisye alimpa pole ndefu ya Kinyakyusa na Kiswahili, kisha nikaingia chini, nikafungua bolti. Ilikuwa asubuhi, oili haikutaka kutoka. Ilishuka kama uzi mnene, ikasimama, ikashuka. Kastori alivuta kigoda, akakaa kuitazama ikitoka mpaka tone la mwisho. Mzee alikuja akaiona kwenye beseni. Akachovya kijiti, akakiinua, tone likaning'inia. Akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona. "Nani alimwekea huyu mia arobaini, mwezi wa baridi? Nani?"

Nilifungua mdomo. Nataka msomaji aamini kwamba nilifungua mdomo. Lakini Kastori alinitangulia. "Ni mimi, mzee. Nilichoka kuchekwa kwa kelele. Fundi alinikataza, mimi nikang'ang'ania." Alisema huku akiangalia beseni. Mzee akatikisa kichwa, akamshika bega, akaondoka zake. Na mimi nikachukua galoni ya tisini, nikajaza, nikasikia oili ikigusa kidole changu kwenye tundu, nikafunga. Kastori alisimama. "Asante, fundi," akasema. Hakukuwa na kejeli ndani yake, nimeitafuta miaka yote na sijaipata. Kwa nini alifanya vile sijui. Labda alinionea huruma. Labda alikuwa amepoteza mtu mmoja na hakutaka kupoteza na rafiki. Kama ni hilo, alimpoteza rafiki hata hivyo, kwa sababu mimi sikuweza tena kumtazama usoni. Alimwachia mama yake mtoto, akahamia Kasanga, akafanya kazi bandarini. Mtoto, aliyepewa jina la mama yake, alipokua akamchukua. Tulikutana kwenye harusi na misiba ya watu, tukajuliana hali, tukaagana. Kila tulipoagana nilipanga kumwambia safari ijayo. Niliyaandaa maneno miaka thelathini na zaidi, na safari zimekwisha.

Kwenye mazishi yake sikusema lolote, nilibeba jeneza kama wengine. Lakini baada ya arobaini, wiki iliyopita, Skola, binti yake, alikuja hapa gereji, ile ile ya Mzee Ambakisye. Ni mwanamke mzima sasa, afisa kilimo, mwembamba vilevile. Ana pikapu ndogo ya gia za mkono anayoshuka nayo ziwani na kupanda nayo. Nilimkaribisha kigoda, nikaagiza chai. Aliishika bilauri kwa viganja vyote viwili kwa sababu ya baridi, akatazama ukuta ambao zamani tulipanga galoni.

"Baba mdogo, nilitaka nikushukuru," alisema. "Baba alinisimulia. Kila siku yangu ya kuzaliwa alisimulia. Kwamba ulimkataza ile oili, yeye akawa mbishi. Alisema, ningemsikiliza Pankrasi mama yako angekuwepo. Mpaka anaumwa alikuwa anasema. Nilimwambia ajisamehe, lakini hakuweza."

Nilisikia bati la paa likilia kwa upepo. Miaka yote nilidhani uongo ule aliutoa mara moja, asubuhi moja, kwa ajili ya Mzee Ambakisye. Sikujua alikwenda nao nyumbani, akaulisha, akaukuza, akaukalisha mezani na mtoto wake kila mwaka mpaka akafa nao. Labda mwishoni aliuamini. Hilo ndilo ninalolala nalo sasa.

Skola aliweka bilauri chini. "Na gari langu asubuhi gia zinagoma. Nataka unibadilishie kabla sijarudi kijijini. Ile nyepesi, ya juu. Unayo?"

Nilitazama rafu, ingawa nilijua. Ya mwisho ilitoka juzi. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza wenyewe kazi yake ya zamani, kutafuta la kusema, kesho, inakuja, gari lako halihitaji. Nikaufunga. Nikavuta kigoda cha pili, nikakaa mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Sina," nikamwambia. "Leo sina. Na mwaka ule, baba yako alipokuja kuniomba, sikuwa nayo pia."